Siri Zenu Ziko Salama kwa Sasa

Sehemu ya saba

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha chini ya meza ya mikutano, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikisubiri nyoka atokeze. Nyoka hakuwepo. Mkurugenzi wetu alikuwa amepanda juu ya kiti na kupiga kelele "Tumekwisha!", na mimi, mtu akipanda kiti akapiga kelele, siulizi maswali.

"Toka huko chini," aliniambia. "Hili ni kubwa kuliko nyoka."

Kwa mnaojiunga leo: mimi ni mwandishi wa barua katika kampuni inayotunza siri za watu. Mteja anatuletea nyaraka zake, tunazigeuza kuwa fumbo la herufi na namba ambalo bila ufunguo halisomeki, kisha tunazihifadhi. Miaka miwili iliyopita wezi walipenya kwenye mitambo yetu wakaondoka na nakala za mafaili elfu sita. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kuwatuliza wateja. Niliandika hivi: "Walichoiba ni makelele matupu. Kompyuta zote duniani zikishirikiana, jua litazimika kabla hazijafungua hata faili moja."

Watu wakashusha pumzi. Mkurugenzi akaitundika barua ile ukutani, ndani ya fremu.

Nisichowaambia wateja, na nilichowaficha hata ninyi kwa wiki sita nzima, ni kwamba mimi pia nina faili langu humo. Wafanyakazi tunahifadhiwa bure. Niliweka barua moja, ya ukurasa mmoja, na ukurasa huo ukisomwa na watu wawili ninaowajua, familia yetu inapasuka vipande viwili.

Leo nasema kila kitu. Lakini kwanza nimalizie ya kwenye kiti.

"Shuka, mkuu, utaanguka," alisema Mtaalamu.

Mtaalamu ndiye mhandisi wetu mkuu. Ni mama mfupi, wa maneno machache, ambaye hafungui mdomo kabla hajafuta miwani. Ukimwona anafuta kwa muda mrefu, ujue habari ni mbaya. Siku ile alifuta mpaka nikahofia vioo vitaisha.

"Waeleze kuhusu hiyo kompyuta ya kwantamu," mkurugenzi alisema akishuka. "Waeleze kama watoto. Mimi nimeelezwa kwenye mkutano siku tatu na nilichoelewa ni chakula cha mchana tu."

"Kufuli letu ni namba moja kubwa sana," alianza Mtaalamu. "Imepatikana kwa kuzidisha namba mbili. Kuzidisha ni rahisi. Kuirudisha ile kubwa kwenye zile mbili, kompyuta ya kawaida itazeeka haijamaliza. Hii ya kwantamu inapita njia nyingine kabisa. Ikishakua ya kutosha, itarudi nyuma kama mtu aliyesahau mwavuli nyumbani."

"Na ipo?" niliuliza.

"Zipo ndogo. Ya kutosha, bado."

"Bado mpaka lini?"

"Wengine wanasema miaka kumi na tano. Wengine mitano. Mimi nasema tubadilishe makufuli sasa. Mapya yapo, yamejengwa kwa hesabu nyingine, na mpaka leo hakuna aliyeonyesha jinsi mashine hiyo inavyoweza kuyafungua. Nimeshaanza."

"Basi tumepona!" mkurugenzi akapiga makofi.

"Mafaili tuliyonayo, ndiyo. Yale elfu sita yaliyoibwa yana kufuli la zamani. Siwezi kumfuata mwizi nimwombe anishikie nibadilishe kitasa. Yeye amekaa nayo, anasubiri mashine."

Mkurugenzi alishusha mikono aliyokuwa akipigia makofi.

"Mwandishi," mkurugenzi akanigeukia, "andika barua kwa wateja. Usiwatishe. Usiwadanganye."

"Sasa niandike nini?"

"Ile ya zamani, punguza kidogo tu. Badala ya jua kuzimika, weka miaka bilioni."

Mtaalamu alitikisa kichwa.

"Milioni."

Akatikisa tena.

"Elfu? Haya, mia. Miaka mia, Mtaalamu, nionee huruma! Nina wateja wazee, miaka mia inawatosha kabisa."

"Andika 'miaka'," alisema Mtaalamu. "Bila namba."

"Miaka mingapi?"

"Ndiyo hapo sasa."

Nilikaa na barua ile tangu asubuhi hadi saa tisa. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Kila uongo ulinishinda, kwa sababu safari hii nilikuwa naandika na mimi mwenyewe nikiwa mteja. Mwishowe nikaandika sentensi moja ambayo ilikuwa kweli tupu: "Siri zenu ziko salama kwa sasa."

Mtaalamu akasoma, akaafiki. Mkurugenzi akasoma mpaka kwenye neno "salama", akaridhika, akatia sahihi.

Yale maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyoleta kiama.

Kesho yake saa mbili asubuhi, nje ya ofisi kulikuwa na umati ambao sijawahi kuuona. Watu wamevaa miwani ya jua na wingu limetanda. Watu wamefunika nyuso kwa mitandio, kwa magazeti, kwa bahasha. Mzee mmoja alivaa kofia ngumu ya pikipiki na alikuja kwa miguu. Wote wananong'ona, na mnong'ono wa watu mia mbili, ndugu msomaji, ni kelele kuliko kelele.

Mlinzi wetu wa getini, mtu mwema lakini aliyezaliwa bila kitufe cha kupunguza sauti, alijaribu kuleta utaratibu.

"Wenye siri mstari huu! Wenye maulizo ya kawaida mstari ule!"

Watu wote mia mbili wakahamia mstari wa maulizo ya kawaida.

Katikati ya kusukumana, bwana mmoja akamkanyaga mama aliyekuwa mbele yake.

"Samahani, mama."

Mama akageuka. Miwani ya jua ikatazamana na miwani ya jua.

"Baba watoto?"

"Mama watoto?"

Mstari mzima ukageuka kuwatazama.

"Wewe umekuja kufanya nini hapa?" aliuliza mama.

"Mimi? Nimekusindikiza."

"Umenisindikiza vipi na mimi nilikuaga naenda sokoni?"

"Ndiyo. Nikaona umepotea njia."

Hapo ndipo Mtaalamu alipotoka nje. Alifuta miwani. Watu wakamsubiri.

"Nisikilizeni," alisema. "Kilichoibwa kimeibwa, hakirudi. Kama siri yako inabadilika, ibadilishe: neno la siri, kitasa, sahihi, kibadilishe leo. Kama siri yako haibadiliki, basi iseme wewe kabla hawajaisema wao. Hakuna njia ya tatu."

Akarudi ndani. Angekuwa anabembeleza mtoto alale, mtoto asingelala wiki nzima. Lakini ilikuwa kweli.

Watu walianza kulia. Mkurugenzi, aliyekuwa akichungulia nyuma ya pazia, badala ya kulia akapata wazo. Mtu huyu akipata wazo, kuna mfanyakazi atakayeumia, na mara nyingi mfanyakazi huyo ni mimi.

"Idara mpya!" alinijia mbio. "Idara ya Kukiri! Mteja anakuja na mtu wake, anakaa, anasema siri yake kwa amani, sisi tunasimamia. Tuliwatunzia siri, sasa tunawasaidia kuzitoa. Wewe ni mkuu wa idara."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Una uso wa mtu asiyeshangaa."

Tukapewa stoo ya karatasi. Meza moja, viti vitatu, boksi la tishu, na nyuma yangu marundo ya karatasi nyeupe hadi darini. Humo ndimo nilimokaa siku nne nikisikiliza binadamu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa kuogelea. Aliingia na mkewe, wakakaa, akaangalia chini.

"Mke wangu," alisema, "mimi sijui kuogelea."

"Lakini unafundisha miaka kumi na minane!"

"Nafundisha nikiwa nimesimama pembeni. Nina filimbi."

Mkewe alichomoa tishu, akampa. "Najua," alisema. "Ndiyo maana tukienda ufukweni huwa unasema una mafua."

Wa pili alikuwa daktari wa meno. Alimwambia binti yake kwamba meno yake yote ni ya bandia. Binti akasema anajua tangu yuko darasa la tatu, aliyakuta kwenye glasi akayavaa kwenda kuwaonyesha rafiki zake.

Wa tatu alikuwa refa. Alikuja na timu nzima, ikabidi wengine wasimame nje. Alikiri kwamba jicho la kushoto halioni kabisa.

"Refa," nahodha alimjibu kwa upole, "kwani sisi tunashambulia upande gani siku zote?"

Basi ikawa hivyo. Watu waliingia wakitetemeka kama wana homa, wakatoka wameshikana mikono. Si wote. Yule baba watoto na mama watoto walitoka wakiwa wamekubaliana jambo moja tu, kwamba kila mmoja atapanda basi lake. Lakini nilihesabu: kati ya watu thelathini na mmoja waliokaa kwenye kiti kile, kumi na tisa siri zao zilikuwa zinajulikana zamani. Walikuwa wameficha kitu ambacho watu wao walikuwa wanawafichia kwamba wanakijua.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonidanganya. Nikajiambia, kumi na tisa kwa thelathini na mmoja, uwezekano si mbaya. Na mwizi yuko huko mahali, ameketi na ukurasa wangu, anasubiri mashine yake ikue.

Nikawapigia simu baba zangu wawili.

Hapa ndipo ninapoeleza kilichomo kwenye faili langu. Nishikilieni.

Marehemu baba alizaliwa katikati. Mbele yake kuna baba mkubwa, nyuma yake kuna baba mdogo. Babu alikuwa mpiga tarumbeta kwenye bendi, na alipofariki aliacha tarumbeta lile tu. Hakuna hata mtoto mmoja aliyejua kulipiga, lakini wote walilipenda. Siku moja likapotea. Baba mkubwa akasema baba mdogo ameliiba. Baba mdogo akasema baba mkubwa ameliiba. Wakakaa miaka kumi na moja hawasalimiani. Kwenye harusi za familia tulikuwa tunapanga meza kama tunapanga mipaka ya nchi.

Baba akaugua. Mama alikuwa ameshatangulia. Siku ya mwisho nilikuwa naye peke yangu hospitali, na ndugu zake wale wawili wakiwa nje koridoni, kila mmoja kwenye benchi lake.

Baba akanivuta mkono.

"Tarumbeta," alisema.

"Limefanyaje, baba?"

"Nililikalia."

Baba alikuwa mtu mnene, Mungu amrehemu.

"Lilikuwa kwenye kochi," akaendelea, kwa shida. "Likapinda likawa kama chapati. Nikaona aibu. Nikalitupa chooni. Waambie."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Waambie.

Nikatoka koridoni. Wazee wale wawili wakasimama, macho yamewaiva. "Alisemaje?" waliuliza kwa pamoja, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja kusema kitu kwa pamoja. Niliwatazama. Ningewezaje, katika saa ile, kuwaambia "alilikalia"?

"Amesema mshikane mikono," nilisema. "Amesema ndilo ombi lake la mwisho."

Wakashikana mikono. Wakalia wakiwa wamekumbatiana mpaka nesi akaja kuwanyamazisha. Mwezi uliofuata wakaunganisha karakana zao za useremala ikawa moja. Miaka tisa sasa wanafanya kazi bega kwa bega, wanachekeana, wanakunywa chai ya chupa moja. Na mimi kila sikukuu napewa kiti cha mbele, kwa kuwa mimi ndiye niliyebeba usia wa marehemu.

Nilibeba uongo. Basi nikauandika ukweli, nikaufungia kazini, nikadhani jua litazimika kwanza.

Walikuja Ijumaa saa nne, wamevaa mashati ya kutokea. Baba mdogo alikuwa mchangamfu, akagonga marundo ya karatasi akiuliza kama tunauza. Baba mkubwa alikaa kimya akiwa ameweka kofia magotini, kama alivyo siku zote.

"Mwanangu, una mchumba?" baba mdogo aliuliza. "Sema tu. Tumeshajiandaa."

"Sina mchumba, baba mdogo. Ni kuhusu siku aliyofariki baba."

Nikasema. Sikupamba, sikupunguza. Kochi, chapati, choo, waambie.

Baba mdogo alinitazama kama mtu anayesubiri sehemu ya kuchekesha ifike.

"Alilikalia?"

"Alilikalia."

"Tarumbeta la mzee?"

"Ndiyo, baba mdogo."

Akageuka polepole kumtazama kaka yake. Baba mkubwa alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kaka," alisema baba mdogo, "kwa hiyo miaka kumi na moja umeniita mwizi kwa sababu ya makalio ya marehemu?"

"Na wewe uliniita mwizi," baba mkubwa alijibu taratibu.

"Wewe ulianza!"

"Nilianza Jumatatu. Ulinijibu Jumatatu ileile."

"Niombe radhi."

"Tuombane."

"Anza."

"Anza wewe. Wewe ni mdogo."

"Wewe ni mkubwa, onyesha mfano!"

"Jamani," niliingilia, "si mnaona sasa hakuna mwizi? Wote mko safi! Hii ni habari njema!"

"Nyamaza wewe," baba mdogo alinikata. "Wewe zamu yako bado. Kaka, nikuulize. Siku ile hospitali, kuna aliyeomba radhi?"

"Hakuna."

"Tulishikana mikono kwa nini?"

"Kwa sababu marehemu aliagiza."

"Na kumbe hakuagiza." Baba mdogo akasimama. Akaunyanyua mkono wake wa kulia, akautazama mbele na nyuma, akaufuta kwenye suruali. "Basi mkono wangu naurudisha."

Akatoka. Baba mkubwa alibaki amekaa. Nilidhani ataniambia neno, lawama au hata tusi. Alivaa kofia yake, akachukua tishu moja, akaikunja vizuri akaiweka mfukoni, naye akatoka.

Mkurugenzi akachungulia mlangoni. "Imekwendaje? Niandike wa ishirini?"

Nikaufunga mlango.

Jumamosi asubuhi nilikwenda karakana. Nilisikia kabla sijafika kwamba hakuna sauti ya msumeno, na karakana ile isiyokuwa na sauti ya msumeno ni kama nyumba yenye msiba.

Sakafuni kulikuwa na mstari wa chaki nyeupe, kuanzia mlangoni hadi ukuta wa nyuma, umenyooka kama wanavyochora mafundi wazuri. Kulia kwa mstari alisimama baba mdogo. Kushoto alikaa baba mkubwa juu ya ubao. Mashine ya kuranda mbao ilikuwa upande wa baba mdogo. Swichi yake ilikuwa ukutani, upande wa baba mkubwa.

"Mwambie baba mkubwa wako awashe swichi," alisema baba mdogo. Walikuwa wametengana hatua mbili.

"Baba mkubwa, anaomba uwashe—"

"Siombi! Nasema awashe!"

"Mwambie baba mdogo wako," alisema baba mkubwa, "aseme tafadhali."

Katikati, juu ya mstari, kulikuwa na kitanda kikubwa ambacho hakijakamilika. Mama mmoja mteja alikuwa amesimama kando yake, mkoba kifuani.

"Binti," alininong'oneza, "mimi harusi ya mwanangu ni kesho kutwa. Kitanda changu kiko nchi gani?"

"Kichwani ni kwangu," baba mdogo alimjibu kwa sauti. "Miguuni kamwulize yule."

Nililia. Sioni aibu kuwaambia. Nilisimama juu ya mstari wa chaki nikalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, na wale wazee wawili, ambao wakati wowote mwingine wangegombania kunifuta machozi, walibaki kila mmoja upande wake kwa sababu nilikuwa nimesimama mpakani na hawakujua mimi ni wa nani.

Hapo simu yangu ikaita. Alikuwa Mtaalamu.

"Nimemaliza kupitia orodha ya mafaili yaliyoibwa," alisema. Nikasikia kitambaa kikisugua kioo. "La kwako halimo."

"Halimo wapi?"

"Kwenye yaliyoibwa. Mafaili ya wafanyakazi yalikuwa kwenye mtambo wa stoo, na wiki ile ya wizi ulikuwa umeharibika. Wezi hawakuuona. Barua yako haijawahi kutoka. Tangu jana ina kufuli jipya, na mimi mwenyewe siwezi kuisoma. Hongera."

"Mtaalamu, ungeniambia juzi."

"Juzi sikuwa nimefika herufi yako."

Nilikata simu. Nikakaa chini, palepale juu ya chaki. Hakukuwa na mwizi. Hakukuwa na mashine. Duniani kote hakukuwa na mtu ambaye angejua, leo wala baada ya miaka hamsini, kama mimi nisingefungua mdomo.

"Nani huyo aliyekupigia?" baba mdogo aliuliza.

"Kazini."

"Wamesemaje?"

Niliendelea kuitazama chaki. Na kunyamaza kwangu kukampa nafasi ya kufikiri, jambo ambalo hakulifanya tangu Ijumaa. Aliweka chini patasi aliyokuwa ameishika. Akaja mpaka kwenye mstari, vidole vya miguu vikiugusa bila kuuvuka, akanitazama kwa macho yaleyale ya koridoni miaka tisa iliyopita.

"Hebu subiri kidogo," alisema. "Siku ile ulituambia hivi. Jana ukatuambia vile. Chumbani ulikuwa peke yako, na marehemu hawezi kuulizwa. Sasa mimi nitajuaje? Ipi ni kweli, mwanangu? Ya kwanza au ya pili?"

Mama mteja akasogea karibu. Hata baba mkubwa aliinua kichwa.

Wasomaji wangu, ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri sana. Sikufikiri. Niliutazama ule mkono wa baba mdogo, uliokuwa umeanza kunyanyuka wenyewe bila ruhusa yake, ukitafuta mahali pa kwenda. Nikaona kwamba neno moja tu kutoka kwangu lingeuvusha ng'ambo ya chaki. Nilikwishafanya hivyo mara moja. Kufanya mara ya pili ni rahisi kuliko nilivyodhani.

"Ya kwanza," nilisema. "Jana nilichanganyikiwa. Ni kazi hii, nasikiliza siri za watu kutwa nzima, zikaniingia kichwani. Baba alisema mshikane mikono. Hakusema kitu kingine."

Baba mdogo alifumba macho. Mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Nilijua," alisema kwa sauti iliyokatika. "Nilijua tu! Mtu ataachaje kochi zima akalie tarumbeta?" Akaunyoosha mkono juu ya mstari. "Kaka. Haya, kaka. Njoo."

Baba mkubwa hakuupokea.

Alisimama kutoka kwenye ubao wake, akajikung'uta vumbi la mbao magotini. Hakumtazama ndugu yake. Alinitazama mimi, na sijawahi kutazamwa kwa upole uliouma namna ile.

"Usimdanganye tena kwa ajili yangu, mwanangu," alisema. "Siku ile hospitali nilikuja kuuliza kama marehemu anataka maji. Nilikuwa nyuma ya mlango."

Mkono wa baba mdogo ulikuwa bado hewani.

"Mlango gani?" aliuliza.